Jeni hazitupwi, hunyamazishwa

Bwana Mhariri,

Jumatatu iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Lubumbashi, ambaye mwanawe ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, alinijia na gazeti lenu likiwa limekunjwa mara nne, akaniuliza: «Mwalimu, kama jeni za utotoni huwa zimekwisha kutupwa, hiyo dawa mpya ya Ulaya inaamsha nini?» Alikuwa amesoma makala yenu iliyodai kwamba seli ya ini hubaki na jeni za ini tu, na ya ngozi na za ngozi. Swali lake lilikuwa na akili kuliko makala.

Karibu kila seli ya mwili huwa na jeni zote, kiasi cha 20,000. Chembe nyekundu za damu, ambazo hutoa kiini chake zikikomaa, ni miongoni mwa seli chache zisizo hivyo. Kinachotofautisha seli ni jeni zipi zinasomwa, na hilo huamuliwa na protini zinazojishikiza kwenye DNA, yaani uzi unaobeba jeni, penye mfuatano maalumu wa herufi, zikaita mitambo ya kunakili jeni au zikaizuia. Kiinitete kikiwa na siku chache tu, protini ya OCT4 huzilinda seli za ndani zitakazokuwa mtoto, ilhali CDX2 huzielekeza za nje kuwa kondo la nyuma. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka, huko Japani, alionyesha kwamba protini nne za aina hii, OCT4 ikiwamo, zinatosha kuzirudisha seli za panya zilizokwisha komaa katika hali ya kiinitete. Kama jeni zingekuwa zimetupwa, zingerudi kutoka wapi?

Nilimjibu yule mama hivi. Mtoto tumboni hutumia himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya namna nyingine, isiyodhuriwa na selimundu; baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huinyamazisha jeni ya himoglobini hiyo, lakini jeni yenyewe ipo, hata kwa mzee. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hukata, katika seli zinazozaa damu, mahali ambapo protini ya GATA1 hujishikiza ili kuiwasha BCL11A. Mnyamazishaji akipungua, himoglobini ya utotoni huanza kutengenezwa tena. Bei yake, kwa sasa, tusiizungumze.

Naomba sahihisho lichapishwe katika ukurasa uleule, kwa herufi zilezile. Yule mama bado ananunua gazeti lenu.

Mwalimu wa biolojia,
Lubumbashi