Goti la mtoto limevimba: kwanini tunauliza maswali mengi kabla ya kumtoa damu

Wazazi wengi wakifika hapa kliniki na mtoto anayechechemea, cha kwanza wanachoomba ni "dokta mpime baridi yabisi tujue moja". Tunawaelewa kabisa, mtu amekesha na mtoto analia, anataka jibu, na kipimo ndo kinaonekana kama jibu lenyewe. Lakini ukweli ni kwamba kile kipimo cha damu cha rumatoidi fakta kwa watoto hakitusaidii sana, watoto wengi wenye yabisi ya kweli kinawatoka negativu, na wapo wenye afya zao kabisa kinawatoka positivu, sasa ukitegemea hicho peke yake unaweza ukarudi nyumbani umetulia wakati tatizo liko palepale. Kinachotofautisha magonjwa ya viungo kwa mtoto kwa sehemu kubwa ni mtiririko wa mambo: imeanza lini, kiungo kimoja au vingi, saa ngapi anaumia zaidi, na wiki mbili tatu nyuma alikuwa anaumwa nini. Ndo maana tunauliza sana.

Ila kuna mtoto ambaye hata sisi usituletee, mpeleke hospitali kubwa leo leo. Ana homa, kiungo kimoja kinauma vibaya, na hataki kabisa kukanyaga au hataki hata ukiguse. Huyo tunamhesabu ana bakteria ndani ya kiungo mpaka ithibitike vinginevyo. Usaha ukikaa mle ndani unakula gegedu, na madhara ya kudumu yanaweza kuanza ndani ya siku chache tu, kwahiyo hapa hakuna habari ya "tusubiri Jumatatu". Hospitali watamvuta ute wa kiungo kwa sindano wauangalie, mara nyingi watakisafisha kiungo tiatani, na antibiotiki ataanza kupewa kwa mshipa. Bakteria anayeongoza ni Staphylococcus aureus, lakini kwa watoto wadogo chini ya miaka minne kuna mwingine anaitwa Kingella kingae ambaye anakuja kimyakimya, homa ndogo, mtoto hata haonekani mahututi, na huyo ndo anawapita watu.

Kwa kichanga ni ngumu zaidi maana hasemi. Angalia wakati unambadilisha nepi: analia kila ukiinua mguu mmoja, ule mguu anaulaza umekunjika na umegeukia nje, hapigi teke nao wakati ule mwingine anapiga kama kawaida. Mama wengi wanadhani ni tumbo. Ukiona mguu au mkono mmoja hauchezi kabisa, usingoje homa ipande, kichanga anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa.

Sasa kuna tatizo lingine linafanana sana na hilo na lenyewe halina madhara, ni uvimbe wa muda wa nyonga. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi hivi, zaidi wa kiume, alikuwa na mafua, kisha asubuhi moja anaamka anachechemea. Homa hana au ni ndogo, ukimbembeleza anakanyaga kidogo, na ndani ya wiki moja au mbili linaisha lenyewe kwa kupumzika na dawa ya maumivu. Kuwatofautisha hawa wawili kwa macho tu si kazi ndogo. Mwaka 1999 Kocher na wenzake huko Boston walichapisha vigezo vinne ambavyo madaktari wengi bado wanavitumia kwa nyonga: homa iliyovuka 38.5, kushindwa kukanyaga, ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini) ya 40 au zaidi, na seli nyeupe za damu zaidi ya 12,000. Vikijaa vyote vinne uwezekano wa usaha ni mkubwa sana, visipokuwepo hata kimoja ni mdogo sana. Siku hizi wengi wanaongeza na CRP, kipimo kingine cha damu cha uvimbe. Hapo sasa ndo damu inakuwa na kazi, kwasababu tunajua tunatafuta nini.

Na hili wazazi wanashangaa kila mara: mtoto anashika goti, analia goti, na tatizo liko nyonga. Maumivu ya nyonga kwa watoto yanajitokeza gotini au kwenye paja. Kwahiyo ukituona tunahangaika na nyonga wakati umeleta goti, tuvumilie.

Tukikuuliza "alikuwa na tonses hivi karibuni?" tunawaza homa ya rumatiki. Hii inawapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi na tano, wiki mbili mpaka nne baada ya koo kuuma kwa sababu ya bakteria wa streptokoka. Dalili yake kubwa ni maumivu yanayohama, leo goti, kesho kutwa goti limepona kabisa sasa ni kifundo cha mguu, halafu kiwiko, na yanauma kiasi kwamba hata shuka likigusa analia. Viungo vyenyewe vinapona bila kovu, shida ni moyo, maana valvu ndo zinazobaki na makovu. Mtoto huyu atahitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka ili isijirudie. Sasa sikiliza hapa, ibuprofen na aspirini zinazima haya maumivu haraka mno, ukishampa siku ya kwanza kule kuhama hatutakuona tena na ugonjwa unapita mikononi mwetu. Kama unasubiri kuonana na daktari mpe paracetamol kwa dozi ya uzito wake, inatosha kumpunguzia bila kutufichia. Na aspirini usimpe mtoto kwa kuamua mwenyewe, hasa akiwa na mafua au tetekuwanga.

Yabisi ya utotoni yenyewe ni ugonjwa wa taratibu. Ili iitwe hivyo lazima ianze kabla ya miaka 16, idumu angalau wiki sita, na sababu nyingine ziwe zimeondolewa. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi mtoto halalamiki maumivu. Mzazi anasema "asubuhi anatembea kama mzee, ikifika saa nne anakimbia na wenzake", na wengi wanaona ni uvivu wa kuamka. Kule kukakamaa kwa viungo asubuhi kwetu ni kitu kikubwa. Mlaze chali miguu imenyooka, angalia magoti yote mawili kwa pamoja: goti zima lina vishimo viwili pembeni ya pia ya goti, lenye maji ndani vile vishimo vimejaa. Ukiweza kuona hilo nyumbani, usiache kutuambia.

Na macho! Yabisi hii inaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu, bila maumivu, bila mtoto kusema haoni, mpaka uoni umeshaharibika. Wenye hatari kubwa ni wale wadogo walioanza na viungo vichache na kipimo cha damu cha ANA (kinachotafuta kinga inayoushambulia mwili wenyewe) kikawa positivu, hao wanatakiwa kuonwa na daktari wa macho kwa mashine maalum kila miezi mitatu hata kama jicho linang'aa vizuri. Tunalisisitiza hili kuliko vyote kwasababu goti linaonekana, jicho halionekani.

Halafu kuna magonjwa ya damu yanayojificha kwenye viungo. Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, vidole na viganja vya mikono na miguu vimevimba vyote kwa mpigo, tunapima sikoseli, hiyo mara nyingi ndo dalili yake ya kwanza. Mvulana ambaye tangu aanze kutambaa kila akijigonga kidogo kiungo kinajaa, tunawaza hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, na huyo asichomwe sindano ya msuli na mtu yeyote kabla ya kujulikana. Na mtoto aliyepauka, anavia damu bila kugongwa, anaamka usiku kwa maumivu makali kuliko uvimbe unaouona, huyo tunaangalia saratani ya damu. Hapa ndo tunawaomba sana, sana, msimpe prednisolone (dawa ya jamii ya steroidi) ya kununua tu dukani. Steroidi zinaipunguza saratani kwa muda, mtoto anachangamka, vipimo vinachanganya, na ugonjwa unaendelea kwa chini.

Madoa ya zambarau matakoni na miguuni pamoja na tumbo kuuma ni kitu kingine tena, pale tunapima mkojo pia. Kiungo kimoja kimevimba polepole kwa miezi, mtoto anakonda, tunafikiria TB. Na yale maumivu ya jioni au usiku kwenye miguu yote miwili, hakuna uvimbe, asubuhi anaruka kama hakuna kilichotokea, hayo kwa kawaida ni ya ukuaji, msugue na umtulize.

Ukija kwetu utakaa kama dakika arobaini. Tutamtazama anavyotembea, tutakagua viungo vyote na siyo kile tu kinachouma, koo, ngozi, tumbo na moyo, ndo tuamue damu ya nini na utrasaundi ya wapi. Tukiona dalili za usaha hatumkawizi, tunaandika barua na kuwapigia hospitali wajiandae kabla hujafika. Njoo na dawa zote alizokunywa hata zile za kuazima kwa jirani, na kama shida yake ni ya asubuhi mrekodi video kwenye simu anavyoshuka kitandani, maana mchana ukimleta anaweza kuingia hapa anakimbia.