Moshi wa jaa unatuua pua

Mhariri,

Nauza viungo Ngamiani, hapa Tanga. Iliki na karafuu zangu hushuka kutoka Amani, kule milimani, na mkulima akifungua gunia, pua hutangulia mizani. Nachukua iliki moja, naipasua kwa ukucha, nanusa. Iliyovunwa changa au iliyonyeshewa ikiwa juani inajitaja yenyewe.

Siku hizi hainitajii kitu. Juzi mzee mmoja wa Amani alisimama mlangoni kwa jirani yangu akasema, "Wanangu, gunia hili lina ukungu." Sisi tulioshinda nalo hatukusikia harufu yoyote. Mafua sina, sigara sivuti.

Moshi ndio tulio nao. Kila alfajiri jaa la nyuma ya vibanda hutiwa moto, na humo mna chupa za plastiki, matairi, nyavu kuukuu. Kukipambazuka zinaingia bodaboda, katika mji uliosifika kwa baiskeli! Watu huhofia mapafu tu. Lakini ncha za mishipa ya kunusa ziko juu kabisa ndani ya pua, zinapigwa na hewa moja kwa moja, na kati yao na ubongo pana mfupa mwembamba uliotobolewa kama chekeche. Chembe laini za moshi, zile zisizozidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huvimbisha utando wa hapo, na zilizo ndogo zaidi zinaweza kupenya hadi ubongoni.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa uchunguzi wa watu 2,690: walioishi muda mrefu penye chembe hizo nyingi walikuwa na hatari ya kupoteza kunusa mara 1.6 hadi 1.7 kuliko wenzao. Kabla ya hapo, wakazi wa Mexico City walilinganishwa na wa Tlaxcala, kwenye hewa safi zaidi. Wa jijini walihitaji harufu kali zaidi ndipo waisikie. Mimi na yule mzee wa Amani, basi.

Naiomba Halmashauri ya Jiji gari la taka lipite jioni, jaa lisilale limejaa, na anayeliwasha atozwe faini. Halafu wauza vyakula wanapopimwa afya, wapimwe na pua. Mama ntilie asiyesikia samaki aliyechina atatulisha nini? Karafuu za kupimia nitatoa mimi, bure.

Muuza viungo,
Ngamiani, Tanga