Mofini kwenye mkojo haimfanyi marehemu kuwa teja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu kazi ya maabara, nalo ni namna afyuni inavyopimwa katika mwili wa marehemu na namna majibu ya kipimo hicho yanavyosomwa na polisi, familia na waandishi wa habari.

Jirani yangu alimpoteza kijana wake kwa ajali ya pikipiki. Kijana alifikishwa hospitali akiwa hai, akachomwa sindano ya mofini kutuliza maumivu ya paja lililovunjika, na akafariki saa chache baadaye. Karatasi ya majibu iliyomfikia baba yake ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba mkojo umeonyesha afyuni. Mtaani likazuka neno teja, na halikufutika. Aliyeiandika karatasi ile hakusema uongo, kwa sababu kipimo cha haraka cha mkojo hutambua jamii nzima ya dawa za afyuni, iwe mofini ya hospitali, kodeini ya dawa ya kikohozi au heroini ya kijiweni. Kosa lake ni kuishia pale ambapo uchunguzi ulipaswa kuanza.

Heroini haidumu ndani ya damu. Dakika chache baada ya kuingia mwilini huvunjwa ikawa 6-monoasetilimofini, ambayo nayo, kwa mwendo wa polepole kidogo, huvunjwa ikawa mofini. Ndiyo maana damu ya maiti mara nyingi hukutwa na mofini peke yake, na mofini haisemi ilikotoka: yaweza kuwa ya kete, yaweza kuwa ya muuguzi, yaweza kuwa ya chupa ambayo mgonjwa wa saratani amepewa hospitali ya saratani ya Ocean Road akainywe nyumbani. Kinachotenganisha ni ile asetilimofini ya katikati, kwa kuwa mwili hauwezi kuitengeneza kutokana na mofini wala kodeini. Ikionekana, heroini ilikuwapo.

Basi mahali pazuri pa kuitafuta ni ubongo. Heroini na asetilimofini huyeyuka katika mafuta kwa urahisi kuliko mofini, hivyo huupenya haraka ukuta unaoutenga ubongo na damu, na zikishafika ndani hazikuti nguvu ya vimeng'enya vya kuzivunja kama iliyomo kwenye damu. Matokeo yake ni kwamba asetilimofini hukutwa kwenye ubongo kwa kiwango kinachozidi kile cha damu ya mtu yuleyule, na hutokea ikapatikana humo wakati damu haina tena hata chembe. Tena dawa hii huua kwa kuzima pumzi kupitia shina la ubongo, kwa hiyo anayepima ubongo anapima palepale ilipofanya kazi yake. Sisemi kwamba ikikosekana heroini haikutumika. Mtu aliyekaa hoi kwa saa nyingi kabla ya kukata roho anaweza kuwa ameimaliza yote.

Damu ina udhaifu mwingine ambao sisi wa pwani, kwa joto letu, hatuna budi kuujali. Mtu akifa, dawa huanza kuhama kutoka kwenye viungo na kuingia kwenye damu iliyo karibu, hasa ya moyoni, na ndiyo sababu wataalamu husisitiza ichotwe ya mshipa wa paja. Mwili unapoanza kuoza, bakteria nao huweza kuirudisha mofini iliyokwisha kufungwa na ini ikawa mofini huru, na namba ikapanda bila marehemu kuongeza hata tone. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, mbali na tumbo na ini, hivyo mambo hayo huuchelewa.

Kazi yenyewe inataka subira. Gramu chache husagwa pamoja na maji au bafa (maji yenye chumvi za kutuliza uchachu), protini na mafuta huondolewa, kisha majimaji yaliyobaki hupitishwa kwenye kromatografia na spektrometa ya masi, yaani mashine za kutenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake. Mafuta ya ubongo huweza kuihadaa mashine, kwa hiyo vipimo vya kulinganishia hutengenezwa kwa ubongo usio na dawa, na wa ng'ombe kutoka machinjioni hufaa. Sampuli igandishwe, isitiwe kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, na iandikwe imekatwa sehemu gani ya ubongo.

Hata hivyo hakuna namba moja inayoua watu wote. Kiwango ambacho mtumiaji wa miaka kumi hukivumilia kinaweza kumuua aliyetoka gerezani au sobahausi wiki iliyopita, kwa kuwa mwili wake umeshasahau. Maabara isipoelezwa habari za marehemu, inasoma namba gizani.

Uingereza walijifunza thamani ya tishu kupitia daktari Harold Shipman, aliyetiwa hatiani Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa 15. Mwili wa Kathleen Grundy, aliyekuwa na umri wa miaka 81, ulifukuliwa Agosti 1998, wiki tano baada ya kifo chake, na mofini ikakutwa kwenye msuli wa paja. Daktari akadai kwamba bibi huyo alikuwa mtumiaji wa dawa hizo. Marehemu husingiziwa kwa urahisi, hata na wasomi.

Ombi langu kwa wanaosimamia vyumba vya maiti ni kwamba kila kifo kinachoshukiwa kuwa cha unga kichukuliwe damu ya paja, mkojo na kipande cha ubongo kisichozidi ukubwa wa dole gumba, na familia iambiwe waziwazi kabla, kwa maana hofu ya viungo kuibwa ni kubwa kwetu na haiondolewi kwa kuficha. Sampuli huchukuliwa wakati uleule wa upasuaji, kwa hiyo maziko hayacheleweshwi. Nanyi waandishi, mkiletewa taarifa kwamba fulani amekufa kwa kuzidisha unga, ulizeni kilichopimwa kilikuwa nini na kilitolewa sehemu gani ya mwili kabla hamjachapisha jina lake.

Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Tanga