Lami tumeipata, sasa barabara ifundishwe kwenda polepole

Mhariri,

Naandika kutoka Malindi na naomba barua hii msiikate sana manake ni jambo limenikaa rohoni karibu mwaka mzima. Barabara ya mtaani kwetu ilikuwa mchanga na mashimo, mvua ikinyesha ni madimbwi, kiangazi ni vumbi mpaka ndani ya sufuria. Tukalia tuwekewe lami na lami ikaja, kina mama wakapiga vigelegele siku ile greda lilipoingia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hakuna aliyefikiria kwamba yale mashimo ndiyo yalikuwa yanatulindia watoto. Tuktuk ilikuwa ikipita pale inanyata, mtoto ana muda wa kuokota mpira wake na kutoka njiani. Wiki ya tatu baada ya lami mtoto wa dadangu, miaka tisa, alikuwa anatoka chuoni saa kumi na moja jioni, juzuu yake mkononi, akagongwa na pikipiki. Mguu ulivunjika mara mbili. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini hadi leo akisikia mlio wa pikipiki nyuma yake anasimama palepale, hatembei mpaka ipite.

Yule kijana wa bodaboda alikuja hospitali usiku uleule, analia, akaniambia "mama, mimi niliona njia nyeupe tu." Haya maneno nimeyabeba mpaka leo kwa sababu ni kweli, njia ilikuwa nyeupe. Umempa mtu lami iliyonyooka, pana, haina tuta, haina kona, haina mti, halafu unaweka kibao kimoja cha spidi kule mwanzo na kushangaa kwa nini hakukisoma. Dereva anafuata vile barabara inavyomwambia, na barabara yetu inamwambia kimbia. Mtu aliyetembea Lamu mjini ananielewa haraka. Vile vichochoro havina kibao hata kimoja lakini punda akija unasikia habedari, unajibanza ukutani, anapita, mnaendelea, kwa sababu pale njia yenyewe ni nyembamba na huwezi kukimbia hata ukitaka.

Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na wengi wanaona 50 ni kidogo. Hebu tupige hesabu. Kwa spidi ya 50, ile sekunde moja dereva anaposhtuka kabla mguu haujafika kwenye breki gari imeshakula mita 14, yaani karibu matatu tatu zikipangwa mstari mmoja, na hapo bado hajaanza kufunga breki. Kwa spidi ya 30 ni mita 8 tu. Na ukigongwa kwa 30 wengi wanaamka, ukigongwa kwa 50 na kuendelea ni habari nyingine kabisa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema pale watu na magari wanapochanganyika spidi isizidi 30, na pia ule mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulisema hivyohivyo.

Sasa nirudi kwetu. Wiki ile ya ajali vijana wa mtaa walichanga pesa wakanunua simiti na wakajenga tuta lao usiku. Lilikuwa baya, nasema ukweli, lilikuwa kama ukuta, mama mjamzito kwenye tuktuk alirushwa mpaka kichwa kikagonga juu. Baada ya siku chache wakaja watu wakalikwangua, sawa, walikuwa na haki, lakini walipoondoka hawakuacha kitu chochote mahali pake. Nikaanza kuzunguka na barua. Ofisi moja inasema barabara si yao, ya pili inasema subiri bajeti, ya tatu wakaniuliza kwani mtoto alikufa? Swali hilo sitalisahau.

Tuta lina vipimo vyake jamani, si rundo la simiti. Lile la mviringo linalojulikana sana lina kama mita 3.7 ukilipima kufuata barabara na kimo hakizidi sentimita 10, gari likipita taratibu halirushi mtu, likipita kwa kasi dereva anajuta mwenyewe. Lipakwe rangi na liwekewe alama mbele yake, manake tuta lisiloonekana usiku ni mtego kwa wa pikipiki. Na kizuri zaidi ni kuinua zebra yenyewe iwe juu ya tuta, mtembeaji anavuka juu na gari ndilo linapanda kumfuata. Zebra iliyochorwa chini peke yake hapa kwetu hakuna anayeiheshimu, sote tunajua hilo.

Si lazima twende mbali kutafuta mfano. Dar es Salaam kuna shirika linaitwa Amend lenye mradi unaoitwa SARSAI, wanaenda kwenye shule ambazo watoto wanagongwa sana wanaweka matuta, njia za miguu, zebra, vizuizi vya kuzuia magari yasipande pembeni, na lango la shule wakiona linatokea barabara kubwa wanalihamisha likatokee upande mwingine. Vitu vya bei rahisi. Walipopima, watoto kuumia kulikuwa kumepungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi ukapata tuzo ya kimataifa. Na kwa vile mji wetu umejaa Waitaliano tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha kurusha roketi pale Ngomeni, wakubwa wetu wawaulize hao kuhusu mji wao wa Bologna. Januari 2024 mji ule ulishusha spidi hadi 30 kwenye barabara zake nyingi, watu wakapiga kelele sana, lakini mwaka wa kwanza ukaisha bila mtembea kwa miguu hata mmoja kuuawa, kitu hawajakiona tangu 1991. Wao wana polisi na kamera za kutosha. Sisi hatuna, ndiyo maana kwetu kazi hiyo lazima ifanywe na barabara yenyewe.

Nataka kusema pia kuhusu watu wa baiskeli maana hao wamesahaulika kabisa. Asubuhi simama tu kando ya barabara utawaona, huyu na mitungi ya maji, yule na gunia la makaa, mwingine amembeba mtoto na yunifomu. Wanaambiwa wakae pembeni, pembeni ipi? Lami inaishia kwenye kingo iliyolika, chini ni shimo la mchanga, gari likipiga honi nyuma anashuka na mzigo wake anaanguka, au anang'ang'ania palepale anapitwa nusu mkono. Na hata ile njia ndogo ya miguu ikijengwa, kesho utakuta tuktuk zimeegeshwa juu yake na vibanda vimepangwa, sisi tunarudi kwenye lami. Vigingi vya simiti vya kimo cha goti vingetosha kuzuia hayo.

Kuna wanaosema njia kubwa ya kwenda Mombasa haiwezi kuwekwa matuta kwa sababu ni ya mwendo. Lakini njia hiyo inapita katikati ya watu, Gede, Msabaha, watoto wanavuka pale kila siku. Ghana, pale Suhum kwenye njia kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliweka ile mistari iliyoinuka ya kutikisa gari, ajali zikapungua kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Ile ni njia kuu pia.

Ninachoomba hasa ni hiki. Mtaa wa pili na wetu wameanza kupima barabara nyingine, nimeona vigingi vyekundu vimechomekwa mpaka mbele ya msikiti. Wakati bado ni vigingi kubadilisha hakugharimu kitu, ikishamwagwa lami tutaambiwa tena tusubiri bajeti. Wanaohusika waje kabla mkandarasi hajaanza, wasije saa nne asubuhi wakati kumetulia, waje saa kumi na moja jioni watoto wakitoka chuoni. Nitawasubiri pale kwenye mwembe, nitawaonyesha wanakovukia.

Mama wa Maweni,
Malindi