Mitumba na sahihi zetu za Arusha

Mhariri,

Shati nililovaa ninapoandika barua hii nimelinunua soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa hiyo asije mtu akasema nawaonea kijicho wauza mitumba. Ninayemjibu ni yule anayetuambia kila siku redioni kwamba zama hizi za utandawazi serikali hazina kauli tena.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, viwanda vyetu vya nguo vipate kupumua. Mwaka uliofuata chama cha wauza nguo kuukuu nchini Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao. Manowari haikutumwa. Tulikumbushwa tu kwamba bidhaa zetu zilikuwa zikiingia kwao bila ushuru kwa sheria yao ya AGOA ya mwaka 2000, na kwamba fadhila hiyo ingeweza kufutwa. Kenya, ambayo viwanda vyake hushona kwa ajili ya soko hilohilo, ikajitoa mapema. Uganda nasi tukanywea baadaye. Rwanda ilikuwa imeshapandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Ikaushikilia, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zake.

Sasa hapo aliyekosa kauli ni nani? Wafanyabiashara wale walikimbilia serikali yao, nayo ikawasikiliza. Kigali iliamua, ikalipa gharama. Sisi wengine tulisaini kwa pamoja, kisha tishio lilipofika kila mmoja akalijibu chumbani kwake.

Sisemi mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyote. Wazee wa Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, ukikaa nao watakusimulia mashine chakavu na umeme wa kukatika. Na mama anayefungua belo alfajiri ana watoto wa kusomesha. Kumfungia biashara kabla kitambaa cha hapa hakijapatikana kwa bei anayoimudu mteja wake ni ukatili. Ila inauma kuona sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga ikisafirishwa nje kabla ya kusokotwa hata uzi.

Umoja wa forodha tunao tangu 2005. Wabunge wetu wa Afrika Mashariki watueleze: likija tishio jingine kama lile, nani atajibu kwa niaba yetu sote, na nchi itakayoumia kwanza itafidiwa kutoka mfuko gani?

Msomaji wako,
Mwanza