Vifaa vya kuandikisha wapigakura (BVR) vipakiwe botini kabla ya upepo wa kusi kuingia

Mhariri,

Mtoto aliyekuwa na miaka minane NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilipotoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, Septemba 2016, atakuwa mtu mzima siku ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Kizazi hicho ndicho ninachokibeba kwenye boti yangu ya abiria kati ya Amu, yaani mji wa Lamu, na Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Vijana hawa wamekua wakiwaona baba na mama zao wakienda mikutanoni, na ukiwagusia habari ya makaa ya mawe watakusimulia mpaka ufike. Lakini ukimuuliza mmoja wao kama amejiandikisha kupiga kura, aghalabu atakuambia bado, na sababu atakazokupa ni za kweli. Ni juu ya sababu hizo ndiyo nimeona nikuandikie.

Kwa wasomaji wa mbali, nikumbushe kidogo. Mtambo ulikuwa ujengwe Kwasasi, upande wa bara, uzalishe megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya kuletwa na meli. Kampuni ya Amu Power ilikuwa na leseni mkononi. Muungano wa vikundi vya wenyeji, Save Lamu, pamoja na wenzao watano, walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET. Sheria inampa mlalamishi siku 60 tu kufanya hivyo. Juni 26, 2019 NET ikaifuta leseni ile, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni.

Jambo kubwa lililouangusha mradi ule ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika mwanzoni, kabla utafiti haujakamilika. Ripoti ilipotoka, nene, tena kwa Kiingereza cha wataalamu, wenyeji hawakupata nafasi ya kutosha ya kuielewa na kuijibu. Siku hizo nilimbeba mzee mmoja wa Siyu aliyekuwa na swali moja tu, na aliliuliza njia nzima: jivu litawekwa wapi, na mvua ya masika ikilikuta huko litashuka wapi? Mzee yule hakuwa mwanasheria wala mtaalamu wa mazingira. Lakini swali lake lilikuwa na uzito sawa na la wakili yeyote aliyesimama katika kesi ile, na nafurahi kwamba watu wa aina yake hatimaye walisikilizwa.

Sasa naona kuna ugonjwa wa kuridhika. Tumeshinda kesi, basi, kazi imekwisha. Mahakama inaweza kuusimamisha mradi, lakini fedha za kurudisha mikoko iliyokatwa, au za barafu na chumba baridi pale Kizingitini ili kamba na samaki wasioze, haziamuliwi Malindi. Huamuliwa na bunge la kaunti, na bunge la kaunti ni madiwani, na madiwani ni kura. Kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi ambazo siku hizi tunazisikia, chini ya FLLoCA, mpango wa kugharamia kazi za tabianchi mashinani, zinasimama juu ya sheria iliyotungwa na bunge hilohilo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Anayeamua kaunti itumie nini kuilinda ni mtu aliyetoka katika wadi fulani, akachaguliwa na wale waliopanga foleni siku ile.

Tazameni pia kesi ya bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu uchimbaji wa bandari ya Lamu, ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, uliharibu maeneo yao ya kuvua na hawakuelezwa wala kusikilizwa vya kutosha. Hukumu nzuri sana ile. Baada yake yakaja mazungumzo, ikakubaliwa sehemu kubwa ilipwe taslimu na iliyobaki iwe vifaa na miradi ya uvuvi, na tangu hapo ni miaka ya kufuatilia ofisi moja hadi nyingine. Nimewabeba wazee wenye bahasha za karatasi za majina, wakienda Amu kuuliza na kurudi. Wengine wamefariki kabla ya kuona kitu. Mvuvi mwenye hukumu mkononi bado anahitaji mbunge na gavana wa kuibeba hukumu hiyo mpaka ilipwe, na mbunge au gavana humsikiliza haraka zaidi yule anayejua kwamba ana kura.

Lamu Mashariki ni miongoni mwa maeneobunge yenye wapigakura wachache zaidi nchini. Wengi huliona hilo kama unyonge, lakini mimi naliona vingine. Katika wadi za Faza, Kiunga na Basuba, vijana mia mbili wa kijiji kimoja wakijiandikisha wote na wakapiga kura wote, hakuna mgombea atakayethubutu kupita kijijini kwao bila kuwaambia atafanya nini kuhusu bahari. Mombasa vijana mia mbili ni tone. Kwetu wanageuza matokeo.

Na si kwamba watu wetu hawapendi kupiga kura. Njoo uone uchaguzi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe. Wavuvi wanaacha nyavu juu ya mchanga, wanapanga foleni bandarini, wanabishana juu ya daftari la wanachama jina kwa jina, fulani ni mvuvi kweli au ni mchuuzi, na mwenyekiti akishindwa anaondoka. Wanafanya hivyo kwa sababu uchaguzi umeletwa pale walipo na wanaona faida yake wiki inayofuata. Huo mkubwa wa miaka mitano, wenye uwezo wa kuamua bandari ijengwe vipi na kisiwa kipate maji vipi, unamtaka kijana autafute.

Tangu Septemba 29, 2025, Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilipofungua tena uandikishaji wa kila siku, utaratibu umekuwa ni mtu kwenda mwenyewe katika ofisi ya eneobunge lake au katika baadhi ya Vituo vya Huduma. Kwa mtu wa Nakuru hiyo ni matatu moja. Kwa kijana wa Ndau, Kiwayu au Mkokoni, ni bahari. Wa Kiunga na Ishakani, huko mpakani na Somalia, wana barabara ambayo kwa sababu ya usalama si kila mtu atakubali kuipita, kwa hiyo nao wanarudi kwenye bahari. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumaliza alichopata siku nzima kijana anayevua kwa mshipi, na siku hiyo hajavua. Bei ya petroli ikipanda nasi hatuna budi kuongeza. Nasema haya mimi ninayepokea nauli hiyo.

Kuna maji pia, jambo ambalo mtu wa bara hulisahau. Kutoka Pate kuja Amu tunapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakiwa yamekupwa, boti iliyojaa haipiti. Tunainua injini, tunasukuma kwa upondo mpaka tumbo la boti ligote kwenye matope, kisha tunakaa. Akina mama wanafungua miavuli, watoto wanalia, mwenye miadi ofisini anatazama saa. Maji yatajaa kwa wakati wake. Kijana aliyeondoka kwao alfajiri anaweza kufika Amu adhuhuri imeshapita, akamaliza shughuli yake jioni na kukosa chombo cha kurudi, akalazimika kutafuta jamaa wa kumlaza. Ukishapata adha hiyo kwa ajili ya jambo litakalotokea mwaka 2027, mwenzako akikuuliza kama aende, utamwambia asubiri.

Halafu kuna kitambulisho. Bila kitambulisho halisi cha kitaifa au pasipoti inayotumika, huandikishwi. Watu wa kaunti za mpakani wanajua walivyosumbuka kwa miaka mbele ya kamati za msasa, mtu anaulizwa babu wa babu yake alizikwa wapi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo, na ni hatua ya kushukuru. Lakini kijana wa Kibajuni au Muaweer wa Basuba bado ana safari ya kwenda kuomba na safari ya kurudi kuchukua, kabla hajafikiria safari ya tatu ya kujiandikisha kura.

Namna ya kuwajua walio katika hali hiyo ipo, na vikundi vya mazingira wanayo tayari bila kujua. Siku za kupanda mikoko, akina mama hufunga leso viunoni, wakaingia matopeni mpaka magotini na vikapu vya mbegu, wakazichomeka moja moja kwa kupimia hatua. Wakitoka, kabla ya chai, kuna karatasi ya mahudhurio. Ina safu ya jina, ya kijiji, ya simu na ya namba ya kitambulisho. Tazama safu hiyo ya mwisho. Pale palipoachwa wazi ndipo alipo kijana asiye na kitambulisho, na mama aliyeshika karatasi anamjua yeye, mama yake na nyumba yao. Karatasi ile ikishapelekwa kwa mfadhili huwa imekwisha kazi. Naomba viongozi wa vikundi wabaki na nakala, waende nyumba hadi nyumba kwa majina yale, wawasindikize vijana kwa chifu na kwa msajili. Hakuna ofisi yoyote yenye orodha bora kuliko ile.

Najua watakavyonijibu, kwa sababu nimeshasikia: sisi ni kikundi cha mazingira, hatufanyi siasa. Hofu yao naielewa. Ukionekana umesimama na mgombea, nusu ya kijiji hawaji tena kupanda. Lakini kumsaidia mtu aingie kwenye daftari si kumwambia amchague nani. Katiba yetu imeweka haki ya mazingira safi katika Ibara ya 42, na haki ya kila raia mtu mzima kuandikishwa na kupiga kura katika Ibara ya 38, kurasa chache tu kutoka hapo. Ile ya kwanza tumeitumia mpaka tukashinda. Hii ya pili tunaiogopea nini?

Na kwa IEBC, ninawaelekeza kwenye Ibara ya 83, kifungu cha 3. Inasema mipango ya kuandikisha wapigakura na ya kuendesha uchaguzi iwe ya kumrahisishia raia anayestahili, isimnyime haki yake ya kupiga kura wala kugombea. Daftari la 2022 lilikuwa na watu milioni 22.1, na zaidi ya thuluthi yao hawakujitokeza siku ya kura. Tume inasema inataka mamilioni ya wapigakura wapya, wengi wao vijana. Wapo. Baadhi yao wako juu ya visiwa, na vifaa vya BVR vinabebeka.

Ninachoomba ni ratiba ya boti. Karani, vifaa vyake, betri ya akiba na askari wa kumlinda, siku mbili Kizingitini, siku mbili Siyu, siku mbili Ndau, kisha Kiwayu, Mkokoni na Kiunga. Shughuli iwekwe bandarini pale samaki wanapopimwa, asubuhi wavuvi wanaporudi, si ofisini saa nne. Ipangwe kwa kutazama jedwali la maji ambalo Halmashauri ya Bandari huchapisha kila mwaka, ili watu wa vijiji jirani wapate maji ya kujia na ya kurudia. Itangazwe misikitini Ijumaa ya kabla yake, maana tangazo la mtandaoni halifiki kwa mtu aliye nje ya mwamba tangu usiku.

Na wasichelewe. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, huanza Aprili, na ikifika Juni na Julai bahari ya nje, kupita Kiwayu kwenda Kiunga, si ya kuchezea. Nahodha mwenye akili hukataa abiria siku hizo hata wakimlipa maradufu. Uchaguzi wenyewe uko Agosti, kusi bado ina nguvu, kwa hiyo hata masanduku ya kura yatasafiri kwa shida. Uandikishaji wa visiwani ufanywe wakati wa kaskazi au matlai, bahari inapokuwa shwari na hata ngalawa ndogo inaweza kuleta watu watano kutoka kijiji cha pili.

Manahodha wa njia hii tumeshazungumza kwa mdomo. Ratiba ikitoka, kijana yeyote wa kati ya miaka 18 na 25 anayekwenda kujiandikisha, akionyesha kitambulisho chake, atalipa nusu nauli kwenda, na kurudi hatalipa kitu. Mafuta ya safari ya karani tutajadiliana na Tume, tunawasubiri. Atakayetaka kutupata atutafute kwenye gati la Amu asubuhi, au Kizingitini baada ya alasiri.

Nahodha wa boti ya abiria,
Kizingitini, Lamu Mashariki