Hiyo mliyoiita chanjo ya saratani

Mhariri,

Asalaam alaykum. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimekaa kwenye chumba cha chanjo miaka 26 hapa Pemba. Nakuandikia kuhusu habari mliyoitoa mwezi uliopita, ile iliyosema chanjo ya saratani inatengenezwa kwa seli za kinga zinazooteshwa maabara. Habari yenyewe ukiisoma mpaka chini haina uongo mkubwa. Ubaya uko kwenye kichwa chake, kilichoiita tiba hiyo chanjo ya saratani, na kwetu hakuna aliyefika chini. Mtoto wa ami yangu alikipiga picha kwa simu, akakitia kwenye kundi la ukoo, na jioni ileile wanaume watatu walikuwa wamekaa barazani kwa ami, Mtambwe, wanahesabu mikarafuu ya kuuza ili waipate.

Ami ana saratani ya tezi dume. Ana mikarafuu 34, mingine ya urithi, mingine kaipanda kwa mkono wake mwaka aliooa. Nilipofika, mnunuzi alikuwa ameshatajwa. Mdogo wao akaniuliza, "Dada, si wewe uliyechanja watu umri wako wote? Tuambie basi hii inapatikana wapi, India au Marekani?" Nikaona haya, maana swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Neno chanjo, Mhariri, lina maana yake kwetu. Unachanjwa ukiwa mzima ili usiugue. Bibi yangu alikuwa na kovu la ndui begani na chale za mganga kifuani, na zote mbili alisema kachanjwa. Hii mliyoiandika nyinyi anapewa mtu aliyekwisha kuugua, tena kwa kawaida inatengenezwa kwa damu yake mwenyewe, na haimfai jirani yake hata akililia. Wataalamu wanaiita chanjo kwa sababu inaufundisha mwili kumjua adui. Wao wanaelewana. Msomaji wa barazani atajuaje?

Niliwaeleza hivi. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, kule New York, walitangaza seli waliyoiona kwenye hadubini ikiwa na matawi matawi, wakaiita dendriti, kwa neno la Kigiriki la mti. Kazi ya seli hiyo ni kama ya sheha. Mgeni akiingia shehia, sheha lazima ajue ni nani na kafikia kwa nani. Seli ya dendriti ikimkuta mgeni mwilini inammeza, inambakisha kipande, inakwenda nacho mpaka kwenye tezi za limfu, zilezile zinazovimba tukasema mtoto kafanya mtoki. Huko inawaonyesha askari, yaani seli T: mkikutana na mwenye alama hii, msimwache.

Sasa saratani si mgeni. Ni mwenyeji aliyeharibika. Sheha anamjua tangu utoto, anamwona akipita, anamwitikia salamu, wala haendi kumripoti.

Ndipo wataalamu wakasema tumtoe sheha nje, tumfundishe, tumrudishe. Damu inachujwa, zinatolewa seli nyeupe za aina ya monositi, zinalishwa protini maalumu maabara kwa muda wa siku 5 hadi 7 mpaka zigeuke dendriti. Kisha zinaonyeshwa kipande cha saratani, na mwisho zinarudishwa kwa mwenyewe. Steinman mwenyewe alipopata saratani ya kongosho alijitia seli zake namna hiyo, pamoja na matibabu mengine. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, na siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba kapewa Tuzo ya Nobeli. Waliomtunuku hawakuwa na habari kwamba hayuko tena. Tangu agundulike na ugonjwa aliishi zaidi ya miaka minne, lakini ni kipi kati ya vyote alivyotumia kilichomsaidia, mtu mmoja peke yake hawezi kuwa ushahidi.

Ndugu zangu walitaka nifike kwenye tezi dume, nikafika. Dawa ya namna hii ipo, inaitwa Provenge, na Marekani waliiruhusu mwaka 2010 kwa wanaume ambao saratani yao imeshasambaa na tiba ya kushusha homoni haifui dafu tena. Yenyewe hukaa maabara muda mfupi zaidi, kama siku mbili hivi. Ilijaribiwa kwa wanaume 512. Nusu ya waliopewa waliishi kupita miezi 25.8, katika wale wasiopewa, nusu walipita miezi 21.7. Uvimbe wenyewe haukuchelewa kukua. Bei ilipotoka ilikuwa dola 93,000 kwa dozi tatu, ambazo kwa fedha zetu za leo zinapindukia shilingi milioni 200.

Kila dozi ni safari nzima. Mtu analazwa kwenye mashine ya kuchuja damu saa kadhaa, seli zinapelekwa kiwandani, zinarudi, anatundikiwa kama dripu; baada ya wiki mbili anaanza upya. Mfuko wa seli hizo ukishafungwa una saa 18, baada ya hapo ni wa kutupa. Nimebeba kisanduku cha baridi kwenye mashua kwenda Fundo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Chupa ya chanjo ya surua ikikaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 inakusubiri miezi, ila ukishaichanganya una saa 6, na nimeshazimwaga chupa nilizokwisha kuzichanganya nikiwa nimekaa mchangani nangoja kina mama waliochelewa kwenye mwani. Nilipowatajia hizo saa 18, aliyenielewa upesi ni yule anayefanya kazi bandarini Mkoani. Anajua boti inavyoahirishwa kusi likichachamaa.

Ami alikuwa kimya muda wote, anachambua makonyo ya karafuu kwenye jamvi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni miezi minne?" Nikamwambia ndiyo, kwa kukadiria. Akasema, "Miezi minne ni msimu mmoja. Niuze shamba nivune msimu mmoja?"

Sisemi utafiti huu ni wa bure. Wapo wanaojaribu kuziotesha seli hizi bila kutegemea damu ya kila mgonjwa. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni mwake kisha ikageuzwa seli ya aina nyingine. Uingereza wagonjwa wa saratani ya mapafu walishapewa kwa majaribio seli za dendriti zilizooteshwa kutokana na seli shina za kiinitete, yaani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine. (Hilo la kiinitete masheikh watakuwa na la kusema, na wana haki ya kuulizwa mapema.) Njia hizi zikifaulu, huenda siku moja mfuko mmoja ukawafaa wengi na bei ikashuka. Andikeni hayo, tutayasoma kwa hamu. Andikeni tu kwamba ni majaribio.

Kuna na la pili, ambalo limeniuma zaidi. Wiki iliyofuata mama mmoja jirani yangu alimzuia binti yake wa darasa la sita asichanjwe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. "Nesi, hizo si ndizo seli za watu zinazofugwa maabara? Mwanangu simtii seli za mtu." Kichwa chenu tena, kimetoka kwenye simu ya mtoto wa ami kimefika kwetu Wete. Chanjo ile wasichana wetu wanapewa tangu 2018, na sasa ni sindano moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Hiyo ndiyo chanjo ya saratani kwa maana yetu sisi: inamzuia kirusi kabla hajaingia, na ndani yake hamna seli ya mtu yeyote, mna ganda tupu la protini lililofanana na kirusi. Nikamkumbusha sindano aliyompeleka huyohuyo binti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ndani yake mna chanjo ya homa ya ini B, ambayo protini yake huzalishwa kwenye hamira, ndugu na hii anayoumulia mandazi kila alfajiri. Alicheka. Binti bado hajachanjwa, lakini mlango haujafungwa, nitarudi Jumamosi.

Ninachokuomba ni kidogo. Toeni masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, mseme kwamba iliyoandikwa ni tiba ya seli kwa wagonjwa, kwamba sehemu kubwa iko kwenye majaribio, na kwamba chanjo ya wasichana skuli ni kitu kingine kabisa. Mkikosa jina, iiteni tiba ya kinga. Sindano inayomsaidia ami kwa sasa, ya kushusha homoni, anachomwa kila baada ya miezi mitatu, na hakuna gazeti lililowahi kuiandikia kichwa cha habari.

Mikarafuu haijauzwa. Ila ile picha bado inazunguka. Juzi imenirudia mimi mwenyewe, imetumwa na mtu wa Micheweni nisiyemjua, anauliza bei.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba